Jiwe la Upande Mmoja

Sogeeni, wanangu, sogeeni. Wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, mlango si mahali pa kusikilizia. Redio izimwe. Mwenye simu aikalie. Mwenye kikohozi akohoe sasa hivi amalize, maana nikishaanza sitaki sauti nyingine humu ndani ila hii yangu, na nikinyamaza kupumua, nataka tuwe na hakika kwamba hakuna anayejibu.

Haya. Kimya hivyo hivyo.

Rachida alikuwa anatwanga lituma, ndizi za kupondwa. Ni mchana, jua limekaa juu ya utosi, saa ile ambayo mtaa wote wa Kabondo unasinzia: vijana wa toleka, wabeba abiria, wamejilaza juu ya baiskeli zao, mbuzi wako chini ya meza za soko, hata watoto wachanga wamechoka kulia. Mchi ukashuka ndani ya kinu, ukalia: tu. Nyuma ya nyumba kitu kikajibu: ko.

Akainua mchi, akaushikilia juu. Alijua mwangwi, na mwangwi hauna subira, unakudakia neno kabla hujafunga mdomo. Hiki kilisubiri. Akaushusha tena, tu. Kikangoja, kama mtu anayechagua mahali pa kupiga, ndipo: ko. Kavu. Jiwe juu ya jiwe. Na harufu ikaja, harufu ya nywele zilizoungua na njiti ya kiberiti iliyozimwa punde.

"Papa Mahmoudi?" aliita kwa sauti ndogo, ingawa alijua mume wake yuko msikitini, maana ilikuwa Ijumaa.

Akazunguka nyumba. Hakukuwa na mtu. Lakini mawe yote ya mume wake, yale aliyokuwa ameyapanga juu ya ubao chini ya dirisha, yalikuwa barabarani, yametupwa moja moja, mbali, kama mtu anavyotupa maganda. Lilibaki moja tu juu ya kitambaa chake cha kijani. Pembeni yake palikuwa na vipande vyembamba kama kucha, ambavyo asubuhi havikuwepo.

Ngoja niwaambie habari ya hayo mawe.

Mume wake, Daudi, alikuwa kinyozi. Mkono safi, ulimi mchafu. Wanaume wengine wa mtaa ule walifuga njiwa, wengine walicheza dama mpaka wake zao wakawafuata kwa fimbo. Daudi alipenda mawe. Siku moja wageni walikuja kuchimba kando ya mto, wakawaonyesha watu visu na mashoka ya mawe ya wale waliokaa hapa kabla ya chuma, na tangu siku hiyo Daudi hakupona. Aliingia kwenye kikundi cha simu ambamo watu wa kila mahali hutuma picha za mawe waliyookota, na mwalimu mmoja huwajibu: hili ni kazi ya mutu, hili ni mto tu. Kila alipopata nafasi alivuka mto kwenda Lubunga, akarudi na mfuko umemvunja bega.

"Angalia, mama Mahmoudi," angesema. "Maji haina akili. Maji inapiga jiwe fasi yote, mpaka linakuwa kama yai. Mutu, yeye anapiga fasi moja, halafu pembeni, halafu pembeni tena. Na fasi alipiga, kipande kinatoka na kitumbo kidogo, na mawimbi inatokea pale kwa kitumbo, kama vile umetupa kitu ndani ya maji. Hauoni kitumbo, hauoni mawimbi? Ni mto tu. Tupa."

Kanuni alizijua. Shida yake ni kwamba kila jiwe alilookota yeye lilikuwa na kitumbo. Alituma picha, mwalimu akajibu, "Hapana papa, ni mto." Alituma nyingine. "Ni mto, papa." Mtaa mzima ukajua. Rolly, kijana jirani aliyekuwa akitengeneza pikipiki, alikuwa akiinua kichwa kutoka kwenye mafuta yake na kupaza sauti: "Tonton Mabanga, mjomba wa mawe! Leo umetuletea yai ya mamba ama ya mbuni?" Wateja wakacheka huku nusu ya kichwa imenyolewa. Daudi hakucheka. Hata siku moja hakukubali. "Ule mwalimu hajui kuangalia," alisema. "Kitu changu hakiwezi kuwa mto tu."

Na jinsi alivyotenganisha mawe, ndivyo alivyotenganisha watu.

Rachida alikuwa na watoto wawili, watu wazima wote. Wa kwanza ni Nathalie, binti wa François, mvuvi wa kwenye maporomoko, ambaye alichukuliwa na mto binti huyo akiwa bado wa kubebwa mgongoni. Wa pili ni Mahmoudi, aliyemzaa na Daudi. Kwa desturi yetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, lakini Daudi alikataza. Alisema ndani ya nyumba yake hataki jina la mtoto aliyeletwa na maji. Mezani, Nathalie akipitisha mkono kuchukua samaki, Daudi angesema, "We ulikuja na mto, subiri wenye nyumba."

Nathalie alikuwa akiuza makemba sokoni, na mwanamke anayeuza ndizi hakosi jibu. "Ndio maana, papa. Mto ulinibeba, ukanigonga kwa jiwe moja gumu, nikakwama hapa."

Mahmoudi angecheka mpaka lituma imtoke puani. Alikuwa kijana mzuri, mrefu, akinyoa pamoja na baba yake, na baba yake alikuwa akimshika taya mbele ya wateja na kuigeuza kwenye mwanga. "Angalieni hii taya. Hii ni kazi. Mi ndio nilifanya." Mahmoudi aliona haya hadi shingoni. Baadaye alimpelekea dada yake kichwa cha samaki chini ya sahani iliyofunikwa, kimyakimya.

Sasa jiwe lile.

Lilipatikana Lubunga, ndani ya shimo la Noël, mfyatua matofali. Upande mmoja lilikuwa limesuguliwa likang'aa kama jicho la ng'ombe. Upande wa pili lilikuwa bado na makovu, pigo kando ya pigo, limeachwa katikati. Na lilikuwa limelala kati ya vipande vyake, kama vile aliyekuwa akilichonga ameinuka kwenda kunywa maji.

"Papa, acha," Noël alisema. "Hii kazi haijaisha. Mwenyewe atarudi."

"Mwenyewe alikufa mbele ya babu ya babu yako."

"Bon. Alors ukikutana naye, umwambie mi nilikukataza."

Daudi alituma picha akiwa bado ndani ya mtumbwi. Jibu likaja kabla hajafika ng'ambo: "Hii, papa, ni kazi ya mutu. Hongera." Watu waliokuwa naye wanasema alilia. Nyumbani alimpa kila mtu alishike, mke wake, mwanawe, Rolly na mikono yake ya mafuta. Nathalie aliponyoosha mkono, Daudi alilifunga ndani ya kitambaa.

Basi, tangu Ijumaa ile, kila jua liliposimama, ko. Daudi aliyarudisha mawe ya mto kwenye ubao, kesho yake akayakuta barabarani. Na lile jiwe, ule upande wenye makovu ulikuwa ukipungua na kung'aa, siku baada ya siku. Baada ya ko ilikuja sauti nyingine, shaa, shaa, mchanga na maji juu ya jiwe, polepole, ya mtu asiye na haraka. Rachida alitaka jiwe lirudishwe Lubunga siku hiyo hiyo.

"We unaogopa nini?" Daudi alisema, na macho yake yalikuwa yanawaka. "Hauoni? Huyu anajua kuliko mwalimu. Anatupa mto, anachunga kazi. Kitu kizuri hakimupotei."

Likawa jembamba kama jani. Ukiliinua uliona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Halafu mchana mmoja kitambaa kilikuwa kitupu.

Hapo ko ikaingia ndani. Kwanza kwenye mlango. Kisha kwenye beseni, kwenye mguu wa kitanda, taratibu, na baada ya kila pigo kimya kidogo, kama sikio limeinamishwa. Rachida alikuwa amejilaza kidogo kwa joto alipohisi kitu kigumu na cha baridi kikimgonga katikati ya paji la uso, mara moja, bila hasira, jinsi mnunuzi anavyogonga chungu kabla hajakinunua, na akabaki macho yamefumbwa, jasho likimtiririka masikioni, huku kile kitu kikisikiliza mlio wake wa ndani. Kikamwacha. Kikaenda chumba cha pili alikolala Nathalie, ko, sauti nzito ya tope. Kikaenda kwa Mahmoudi. Huko ililia kama kengele.

Mchana uliofuata alirudi kutoka kisimani na kusikia mume wake anaongea sebuleni. Akasimama nyuma ya pazia, ndoo kichwani. Daudi alikuwa amekaa mbele ya kona tupu, mikono magotini, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Sauti iliyotoka konani ilikuwa kama changarawe mtu anapotembea kwenye maji ya kina kifupi, na Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, kimenyooka, chenye adabu.

"Kazi niliyoiacha nimeimaliza," ilisema. "Nipe nyingine."

"Mawe iko mengi," Daudi alinong'ona. "Mi nitakuletea."

"Hayo ni ya mto. Nimeyatupa. Wewe ni mjuzi wa kutenganisha. Basi nitenganishie waliomo humu. Nani ni kazi ya mkono, na nani ni mto?"

Na Rachida nyuma ya pazia, maji ya ndoo yakimdondokea shingoni na yeye asithubutu kuyapangusa, alijua mume wake anawaza nini kwa sababu na yeye aliwaza hilo hilo: kwamba kilichokuwa cha mto kilitupwa, na mtu akitupwa katika mji huu hatupwi barabarani, hutupwa kule maji yanakonguruma, ambako François alikwenda na hakurudi hata ndala yake, na akaomba moyoni kwamba mume wake aseme wote ni kazi, wote wawili, neno dogo, halina gharama yoyote.

"Mahmoudi," Daudi alisema. "Mahmoudi ni kazi. Nilimufanya mi mwenyewe, hakuna fasi yake mto uligusa."

"Na binti?"

"Ule binti ni mto tu. Ule unaweza kutupa."

"Ahsante," sauti ilisema. "Umenirahisishia."

Rachida aliweka ndoo chini bila kumwaga tone. Alikwenda sokoni, akamshika Nathalie mkono huku bado anapimia mtu ndizi.

"Mama, wateja wangu!"

"Nyamaza. Tembea."

Walipita kwenye kibanda cha kunyolea. Mahmoudi alikuwa anatikisa shuka la nywele nje. "Mama, munaenda wapi na yaya Nathalie?"

"Kwa shangazi yake, ng'ambo. We bakia na papa yako."

"Kuna likambo gani?"

"Hakuna. We hauna shida," Rachida alimwambia, na akamgusa shavu. "We hauna shida hata kidogo."

Wakavuka kwa mtumbwi kwenda Lubunga, kwa Georgette, dada ya marehemu François. Huko Rachida alimlinda binti yake kama mtu anavyolinda moto kwenye mvua. Hakumruhusu kwenda kuchota maji wala kufua mtoni. Walipolala alifunga ncha ya kitenge kwenye kiuno chake na ncha nyingine kwenye kiuno cha Nathalie.

"Mama, mi si mbuzi."

"Leo uko mbuzi. Lala."

Jua liliposimama, Rachida alitega sikio. Ko haikuja. Siku zikapita, haikuja. Alimshukuru Mungu, akala vizuri, akaanza hata kumcheka Georgette na mapambio yake ya kanisani. Alikuwa amekishinda kile kitu. Hivyo ndivyo alivyodhani.

Ndipo Rolly alipovuka kununua samaki, akawakuta.

"Mama, Mahmoudi amekuwa muzuri! Watu wanatoka mpaka Makiso kuja kumuangalia. Ngozi inang'aa, uso umechongeka kama wa sanamu ya kanisa. Wasichana wanajaa pale kwa tonton, hata hawana nywele ya kunyoa." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mais..."

"Mais nini?"

"Amekonda, mama. Amekonda kidogo."

Rachida alifungua fundo la kitenge kwa meno.

Akavuka peke yake, akamkuta mwanawe amekaa kitandani, mgongo umenyooka. Kweli alikuwa mzuri, na uzuri ule ulimfanya mama mtu ashike ukuta. Mashavu yale ya mviringo aliyoyanyonyesha hayakuwepo. Kila mfupa ulikuwa umetafutwa ukapatikana. Ngozi yake iling'aa kama imepakwa mafuta, na ilikuwa baridi. Alipotandua shuka ili ambadilishie, vitu vikamwagika sakafuni kwa mlio mdogo, ti, ti, ti, kama vigae.

"Mama, hainiumi," Mahmoudi alisema. Hata sauti yake ilikuwa nyembamba. "Inafanya baridi tu. Papa anasema nisiogope, anasema ananisafisha."

Jua likasimama. Rachida akapanda kitandani, akamlaza mwanawe mapajani, akamzungushia mikono yote miwili na kitenge na kichwa chake mwenyewe, akamfunika kama kuku, asiache hata mahali pa kupita sindano. Na harufu ya kiberiti ikaja, ikakaa nao kitandani, na pale ndani, ndani ya mikono yake, kati ya kifua chake na bega la mtoto, mahali ambapo hapakuwa na nafasi ya mkono wa mtu yeyote, kitu kilisubiri, kikachagua, kikapiga ko, na akahisi bega linatikisika mara moja na kupungua. Kipande kikamwangukia kwenye kitenge. Hakikuwa na damu. Kilipitisha mwanga kama gamba la samaki, na kingo zake zilikuwa kali kama wembe. Upande mmoja kilikuwa na kitumbo kidogo, na kutoka kwenye kitumbo yalitoka mawimbi, moja baada ya jingine, mazuri, yamepangika.

Hapo ndipo alipoelewa. Mtu wa kuokota mawe hachukui ya mto. Ya mto huyaacha yaende zake. Anayoyabeba nyumbani, anayoyashika, anayoyafanyia kazi mpaka yaishe, ni yale mengine. Yeye alikuwa ng'ambo amejifunga kitenge kumlinda mtoto ambaye hakuna aliyemtaka.

Daudi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja, akainama, akaokota kile kipande, na Rachida alidhani atalia. Akakiinua dirishani.

"Angalia mawimbi," Daudi alisema taratibu. "Mama Mahmoudi, angalia mawimbi yake."

Rachida alimpiga kofi. Halafu akatoka kwenda kumtafuta Bi Mwanahamisi.

Bi Mwanahamisi alikuwa mganga wa majini na mashetani, mama mzee wa zile familia za Waislamu wa zamani, mdogo wa mwili, mkavu wa maneno. Aliingia, akanusa, akamtazama kijana, hakumgusa. Akauliza jambo moja tu: "Alimchukua, au alipewa?"

Rachida akamsimulia ya nyuma ya pazia. Daudi aliangalia miguu yake.

"Basi huyu si mwizi," mzee akasema. "Alipewa, na aliyempa ndiye atakayemnyang'anya. Dawa yangu haiwezi kupita juu ya mdomo wa baba. Kesho, jua likisimama, Daudi, utasema mbele yake: huyu si kazi yangu, ni mto tu. Atamtupa, na sisi tutamwokota. Kutupwa na huyu ni bahati. Binti yako alitupwa siku ile ile, na leo yuko ng'ambo, ananawiri."

"Ni maneno tu?" Daudi aliuliza.

"Ni maneno tu."

"Nitasema," Daudi alisema. "Ni mutoto wangu. Nitasema."

Siku iliyofuata walimkalisha Mahmoudi uani, kwenye kiti cha kunyolea, kwa sababu kilikuwa na mikono ya kumshikilia. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba Nathalie, aliyekuwa amerudi kwa nguvu ingawa mama yake alimkataza, alipiga magoti na kumshika vifundo vya miguu, upepo usije ukamsogeza. Majirani walijaa nyuma ya ua, Rolly miongoni mwao. Bi Mwanahamisi aliweka ubani kwenye makaa, akasoma alichosoma, akanyamaza. Jua likapanda, likapanda, likakaa.

Ko. Kwenye mkono wa kiti.

"Mwenye nyumba," sauti ikasema, na nyuma ya ua watu walishikana. "Nimeitwa. Kuna neno?"

Bi Mwanahamisi alimsukuma Daudi mgongoni. Daudi akaenda mbele ya kiti. Jua lilikuwa juu ya kijana, na mwanga ulikuwa unampita, kwenye masikio, kwenye mabawa ya pua, kwenye ule ukingo wa taya, mwekundu, kisha wa asali, kisha mweupe kabisa pale ambapo uso ulikuwa mwembamba kuliko yote. Hakukuwa na kosa mahali popote. Hakukuwa na pigo lililokwenda kando.

"Huyu," Daudi alianza. "Huyu..."

"Sema, papa," Mahmoudi alisema. "Mi sitakasirika. Najua si kweli. Sema tu."

"Huyu si..."

Wale waliokuwa uani wanasimulia hadi leo jinsi alivyofungua mdomo na kuufunga, akaufungua na kuufunga, na jinsi macho yake, yale macho yaliyotazama mawe maisha yote na kuambiwa kila siku hapana papa, ni mto, yalivyozunguka juu ya uso ule wa mwanawe, kutoka ukingo hadi ukingo, wimbi hadi wimbi, yakashindwa kutoka; na Rachida aliona, aliona kabisa, mahali ambapo hofu ilimwisha mume wake na kitu kingine kikaingia.

"Angalieni," Daudi alisema. Akawageukia watu wa nyuma ya ua, machozi yanamtoka, mkono umeinuliwa kuelekea kiti. "Angalieni tu. Nani hapa anaweza kusema hii ni mto?"

"Ni mto!" Rachida alipiga kelele. Alijitupa mbele ya kiti. "Mi ndio nilimubeba tumboni, mi ndio najua! Ni mto kama dada yake! Utupe! Utupe wote wawili, mi nitawaokota!"

"Mama hakuulizwa," sauti ilisema, kwa adabu ile ile.

Mahmoudi alimtafuta mama yake kwa macho, akampata. Alitaka kusema kitu. Kikasubiri, kikachagua, na pigo hili la mwisho halikuwa na nguvu hata kidogo, lilikuwa la kumalizia.

Mahmoudi hakulia wala hakupumua tena. Nathalie alibaki ameshika vifundo vya miguu, akawa anavisugua, anavisugua vipate joto.

Wazee walioosha maiti walifunga vidole vyao kwa vitambaa, na bado walijikata. Sanda ya kwanza ilichanika alipogeuzwa, ikabidi kuongeza nyingine. Kaburini, udongo ulipomwagwa, uliita kama unamwagwa juu ya sahani, mpaka shimo lilipojaa.

"Amekwenda?" Rachida alimuuliza Bi Mwanahamisi walipokuwa wanarudi.

"Amemaliza," akasema. "Kumaliza si kwenda, mwanangu."

Na hivi ndivyo vilivyogawanywa baadaye. Kiti cha kunyolea na mashine alichukua Rolly, akakipaka rangi, na siku hizi yeye ndiye kinyozi, hunyoa asubuhi na jioni tu. Nyumba ya Kabondo alirithi mdogo wake Daudi, akafungua mlango mchana mmoja, akasimama kusikiliza, akaufunga, na mpaka leo ufunguo unaning'inia kwake ukutani. Daudi mwenyewe, aliyepofuka mwaka uliofuata na kukimbiwa na ndugu zake, alirithiwa na Nathalie. Ndiyo, yeye. Alimchukua Lubunga, anampikia, anamuosha, anamtemea maneno makali siku zote, na hajamwacha na njaa hata siku moja. Rachida alirithi kitenge kile, na ndani ya mkunjo wake kipande kimoja ambacho hakumwonyesha mtu.

Halafu kuna mtoto wa Nathalie, aliyezaliwa juzi juzi hapa. Yeye alirithi kunyamaziwa. Katika nyumba ile ya Lubunga hakuna anayesema pua hii ni ya nani, wala ana macho gani, wala kwamba ameumbika. Mgeni akija na kumwinamia na kuvuta pumzi ili asifu, Rachida humtilia chai mdomoni haraka haraka. Nimemwona kwa macho yangu haya, wanangu, amekaa mchangani, jua limemwangukia.

Sikusema kitu. Na ninyi msiniulize alivyo.